Wiki ya Kupumzisha Kisu

Baba Tumaini,

Goti langu lilikuwa limeshamkandamiza tumbo, kamba nimekaza, nyundo iko juu, ndipo kitu kikanipiga teke gotini. Kutoka ndani ya nguruwe. Nikatulia, likaja teke jingine, dogo dogo. Na wewe uliyenifundisha kazi hii ulikuwa humchinji jike bila kumpapasa tumbo kwanza. Mimi sikupapasa. Sikumbuki hata kumwangalia usoni. Tangu asubuhi nilikuwa nimeshachinja wengine, mkono ulikuwa unakwenda tu.

Kibaya zaidi, niliposikia lile teke mkono haukulegea. Ulibaki juu, unataka kumaliza. Nikauangalia kama wa mtu mwingine. Nikatupa nyundo, nikatapika palepale kwenye tope na damu.

Mdogo wako Godi, ambaye ndiye bosi tangu tukuzike Ihanda, alicheka mpaka wateja wakachungulia.

"Oya, na wewe una mimba?"

Nikamwambia huyu ana watoto tumboni.

"Sasa? Watoto ndio laini. Chinja bwana, karai linaungua!"

Nikasema sichinji. Unanijua, mimi hata konda akinipitiliza kituo nanyamaza. Lakini nilisema, sauti ikatoka kama ya mtoto. Akanitukana tusi ambalo sitakuandikia wewe, akawasha pikipiki, kaenda Vwawa kumfuata mchinjaji mwingine.

Mvua ni kubwa. Nimekaa bandani na huyu nguruwe nasubiri ipungue. Naandika kwenye karatasi za kufungia nyama, samahani zina mafuta.

Hii ndiyo ile wiki yako. Krismasi ikipita ulikuwa unafunga banda mpaka mwaka mpya, wakati Tunduma nzima inatafuta kitimoto na madereva wa malori wamejaa. Tunasugua kila kitu kwa majivu, visu unavifunga kwenye gunia, halafu unanikalisha kwenye kreti la soda, hatufanyi kitu. Nilikuwa nachukia! Naona ng'ambo ya barabara moshi wa wenzetu unapanda, mimi nakodolea ukuta. Yule mama Mzambia wa vitenge akipita anakusalimu kwa Kibemba, anakuuliza, "Mulishani, Baba Tumaini, umeokoka?" Unamjibu, "Nimechoka kunuka tu, mama." Mara moja tu ndio uliniambia sababu, ukiwa unakata kucha. Ulisema, "Mkono wangu umezoea mno. Nauacha kidogo nione kama bado unanisikia." Nikadhani ni uzee.

Mwaka huu Godi kasema kufunga ni ugonjwa wa marehemu, hatuurithi. Basi hatujafunga. Kinyaa nilichonacho sijui nikuambieje. Nyama iliyolala inarudishwa kwenye mafuta ya tangu kabla ya Krismasi, meusi kama oili ya gari, inamwagiwa ndimu na pilipili isinuke. Watu wanalamba vidole. Jana mmoja kanipungia mkono, mdomo unang'aa mafuta, ananiita fundi. Na mimi nikafurahi. Nikafurahi, Baba Tumaini! Ugali unanuka, godoro linanuka, ndani ya pua kunanuka. Naoga kwa sabuni ya kufulia, nikitoka bado ni mimi.

Leo nimekaa kimya kama ulivyokuwa unanikalisha, ila leo hakuna wa kunilazimisha. Mwanzo nilikuwa namlaani Godi. Nikamaliza matusi yote ninayoyajua. Yalipoisha nikabaki peke yangu. Godi hajawahi kushika nyundo hata siku moja. Mkono ni wangu. Tangu ufe nilikuwa nataka kazi iwe nyingi, nisipate nafasi ya kukaa, maana nikikaa nakusikia unavyokohoa kule nyuma ya jiko na mimi nikijifanya nanoa kisu. Basi. Nimelia kidogo. Nguruwe ananiangalia, anatafuna gunia. Naye ananuka vibaya, usidhani.

Nimeamua. Mshahara wa mwezi huu Godi hajanipa bado, abaki nao uwe ndio bei ya huyu. Mama Tumaini ana lile banda dogo la nguruwe kule nyumbani kwenu, liko tupu. Nampelekea. Nikifika sijui nitaanzaje kusema, labda nitasimama tu mlangoni na kamba mkononi, ataelewa mwenyewe. Akikataa nitakaa na nguruwe nje mpaka azae. Baada ya hapo sijui. Nyumbani Galula mahindi yanataka kupaliliwa, mama atanipokea, ila atanizomea kwanza.

Nakuahidi, sishiki tena nyundo kwa mtu anayeniambia harakisha. Na kila mwaka wiki hii nitakaa chini, hata kama nitakuwa nauza maji ya kunywa tu. Watanicheka. Wacheke.

Pumzika, baba yangu. Angalau kifua chako sasa kimetulia.

Mvua imebaki manyunyu. Lazima niondoke sasa hivi, maana mwenye mimba hatembei haraka, na Godi ana pikipiki.