Wanataka Kumfukua Mume Wangu

Mpendwa Dada Léocadie, nakuomba unisome mpaka mwisho, maana hapa Castle Vale sina wa kumwambia. Mimi ni Zilpah, nesi, mzaliwa wa Vihiga, na mume wangu Tsang alikuwa Mchina wa jamii ya Wahakka, akafariki mwaka 1999, nikamzika hapa hapa Birmingham katika kaburi la watu wawili, nafasi ya pili nikajiwekea mimi, na Jumapili baada ya ibada mimi na binti yetu Cheryl huenda kumfagilia kaburi na kumpa habari za nyumbani. Sasa imepita miaka saba na shemeji yangu amekuja kutoka Hong Kong akisema kwa mila yao mtu huzikwa mara mbili, hivyo Tsang afukuliwe, mifupa isafishwe, iwekwe kwenye mtungi na kupelekwa kijijini kwao, kijiji ambacho yeye mwenyewe anakiri nyumba zake zimefungwa, watu wote wamehamia Uingereza! Anasema wazee wao walitoka kaskazini mwa China karne nyingi zilizopita, wakashuka hadi Meizhou, halafu milima ya Hong Kong, na kote huko wenyeji waliwaita Hakka, yaani wageni, lakini wafu wao hawakuwaacha nyuma.

Mchungaji wetu anasema huko ni kuabudu mizimu. Mama mkwe, ambaye naishi naye, anajua Kihakka tu, hata Wachina wenzake sokoni hawaelewani naye, anayemwelewa ni Cheryl aliyelelewa naye nikiwa kazini, na sasa amekataa kula. Juzi nilimuuliza Cheryl bibi yake, Apo kama anavyomwita, analia nini, akasema, "Mum, Apo says, nikifa nani atakaa na yule mtoto?" Mimi hasira zilikuwa zimenipanda, nikamwambia shemeji mbele ya mama kwamba akimgusa mume wangu naita polisi. Dada, Tsang akienda, mimi nitalala na nani? Nishauri.

MAJIBU

Zilpah, pole sana, mdogo wangu. Lakini niache nikugombeze kidogo. Nyani haoni kundule: ninyi mtu wenu akifa Birmingham mnachangishana arudishwe alale kwa baba zake, ila shemeji wa Kichina akitaka hilohilo, ni mizimu? Na mchungaji wako akumbushwe kwamba Musa alitoka Misri na mifupa ya Yusufu.

Sasa tulia. Kaburi ni lako, na hapa Uingereza halifukuliwi bila ridhaa yako na ruhusa ya serikali, polisi wa nini? Mwambie shemeji kwa heshima kwamba wazee wake walibeba mifupa ili iwe karibu na walio hai. Kwenye nyumba zilizofungwa nani atafagia? Anayefagia ni Cheryl.

Mama mkwe, hata hivyo, hujamsikia. Mtoto alikutafsiria vizuri, wewe ukakimbilia polisi. Yule mama hakutaja Meizhou wala Hong Kong. Anaogopa kufa na kumwacha mwanawe peke yake. Nami nilizika mwana Bukavu, na sijui leo nani anapita pale. Kilio hicho nakijua.

Leo hii pika uji wa mchele, kaa naye, Cheryl awe katikati yenu. Kwanza omba msamaha. Kisha mwambie ile nafasi ya pili kaburini ni yake. Najua itakuuma, ulijiwekea wewe. Lakini wewe, Mungu akipenda, una miaka mingi bado, na binti wa kukutafutia mahali. Yeye hana muda. Mpe.