Saa ya Mahari ya Bi Zuhura

Kariakoo, Dar es Salaam

Mama Neema wangu,

Bwana asifiwe. Nakusalimu wewe, watoto na migomba yetu yote. Goti la mama limepata nafuu? Na yule ng'ombe amezaa, au bado anatutishia tu? Mimi mwili ni mzima. Kichwa ndicho hakijatulia. Wiki nzima nakaa, nasimama, chai inapoa mbele yangu, mpaka jirani yangu anayeuza kava za simu kaniuliza kama nina malaria. Nikikupigia, mtandao unakatika huko migombani, na hili si jambo la meseji. Nampa kondakta wa basi barua, kama enzi zile za uchumba.

Mwezi uliopita alikuja kwenye meza yangu ya kutengenezea saa Bi Zuhura, mama wa Kiarabu, mjane wa mfanyabiashara wa vitambaa hapa mtaani. Akafungua leso, ndani mna saa ya mfukoni ya dhahabu, nzito, ya zamani kweli. Mgongoni imechorwa ndege mwenye vichwa viwili, na ndani ya kifuniko kuna maandishi ambayo sijapata kuyaona, herufi nyingine utadhani zimegeuzwa nyuma mbele. Ilikuwa imesimama tangu mumewe afariki. Sasa mwanawe Hamid anamwoza binti yake, na kwao biharusi hatoki bila bangili za dhahabu, basi Hamid anataka saa iyeyushwe. Bi Zuhura alitumaini kwamba ikitembea, mwanawe ataionea huruma.

"Hii ni mahari yangu, fundi," akaniambia. "Marehemu alikuwa karani tu kwenye duka la watu. Aliinunua kwa Mgiriki wa mashamba ya mkonge aliyekuwa anahama, akaitoa kwangu."

Unanijua nikikutana na mashine nzuri. Kamani yake, ile springi inayoiendesha, ilikuwa imekatika. Nikazunguka Kariakoo nzima mpaka nikapata nyingine ya kuifaa, na ilipoanza kutembea nilicheka peke yangu kama mwehu.

Hamid akaja kuitazama. Akapiga picha mhuri ulio ndani ya kifuniko, namba hamsini na sita, akamtumia sonara wake. Sonara akajibu kwamba anajua karati ishirini na mbili, ishirini na moja, kumi na nane. Hamsini na sita hajawahi kuisikia.

"Mzee alipigwa!" Hamid akacheka. "Mgiriki kamuuzia shaba. Mama, kaa na saa yako tu."

Bi Zuhura alisema niendelee kuangalia mwendo wa saa, akaondoka bila kuaga, yeye ambaye huaga mpaka paka wa dukani.

Mimi sikuridhika, maana shaba haina uzito ule. Nikaipeleka kwa Mzee Mushi, yule wa kwetu anayeuza mabomba mtaa wa Gerezani. Katika ujana wake alisomea uhandisi Urusi. Akavaa miwani, akayasoma yale maandishi kwa sauti, taratibu, huku anatabasamu.

"Imetengenezwa Uswisi," akasema, "lakini ya kuuzwa Urusi, enzi za mfalme wao. Ndege huyu ni wake. Na Warusi wa wakati ule dhahabu safi waliihesabu tisini na sita, sio ishirini na nne kama sisi. Hamsini na sita yao ni kama karati kumi na nne. Hii ni dhahabu, bwana mdogo."

Hapo ndipo raha yangu ilipoishia. Nikisema, saa inakwenda motoni. Nikinyamaza, mama anabaki nayo na hakuna aliyeumia. Nikaamua kunyamaza. Baada ya hapo sikutulia. Nilikwenda mpaka Posta nikijidanganya nafuata betri, nikarudi mikono mitupu, nikamfokea mteja bure.

Bi Zuhura alipokuja kuichukua, aliipokea bila hata kuitazama.

"Kwenye kikao cha harusi wifi yangu kaniuliza kama niliolewa kwa shaba," akasema. "Wote wakacheka. Mwanamume wangu yuko kaburini, fundi, wanamcheka."

Nikashindwa, Mama Neema. Nikamweleza yote. "Lakini Hamid akijua, wataiyeyusha," nikamwambia.

Akanikazia macho. "Nani kakwambia mimi nalilia saa?"

Akampigia Hamid aje pale pale. Wakaenda wote kwa sonara, safari hii akaipima yenyewe, si picha. Dhahabu. Waliporudi Hamid alikuwa mdogo kabisa kwa aibu. "Nisamehe, mama. Basi tuiache."

"Hatuiachi. Mahari yangu ni mali yangu, na nimempa mjukuu wangu. Siku ya harusi watu watauliza bangili hizi zimetoka wapi. Wewe ndiye utakayewajibu."

Nikaitoa mashine kwa mikono yangu mwenyewe, roho inaniuma kama nachinja. Ganda limekwenda kwa sonara, ndege na maandishi yake yote. Mashine nimeivisha ganda la chuma. Leo tena Bi Zuhura kaiweka sikioni, kanirudishia. "Inakimbia. Marehemu hakuwa mtu wa haraka. Irekebishe." Nimeirekebisha mara nyingi, kila mara anasema bado.

Nisalimie mama, na shemeji yangu mwalimu, na mwinjilisti jirani yetu, umwambie dawa yake ya macho nimeipata. Neema mwambie viatu vinakuja na mzigo huu.

Nami nina swali kwako, limeninyima raha kuliko saa yenyewe. Mimi niko huku mwaka kwa mwaka, mnaniona Krismasi tu. Watu wakikuuliza huko uliolewa na mwanamume wa namna gani, unawajibu nini?

Niandikie.

Mumeo,
Baba Neema