Mkoba Uliorudi na Uzi wa Kijani

Mshauri mpendwa, nisaidie, na unisaidie kabla ya Jumapili, maana Jumapili nina jambo nitalifanya.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule, na mume wangu ananiita Waziri wa Minada kwa sababu hata vifungo vikinisubiri kwenye kopo mimi niko kwenye simu nawinda mikoba ya wabunifu wakubwa inayopigwa mnada mtandaoni, na nisikufiche, kuwinda najua, nasubiri wenzangu wachoke halafu sekunde za mwisho napandisha dau kidogo tu na mzigo unakuwa wangu, na ndivyo miaka miwili iliyopita nilivyopata mkoba mwekundu wa ngozi, wa jina kubwa, kwa bei ya kutupa, ila kitambaa cha ndani kilikuwa kimechanika, nikakishona kwa mkono, uzi wa kijivu ukaniishia katikati nikamalizia na wa kijani, nikampa wifi yangu siku aliyohamia nyumba yake, nikamwambia umetoka dukani. Ndiyo, nilidanganya, lakini ulikuwa uongo wa heshima.

Wifi huyu si wifi tu. Nilipoolewa, ndugu wengine wa mume wangu walinikunjia uso, yeye ndiye aliyenivutia kiti nikae. Lakini siku hizi ana maringo, haji kwangu, mara ya mwisho alikuja kwa miguu ati anafanya mazoezi, chakula akakataa akasema ameshiba, bintiye ndiye aliyekula sahani mbili, na nikimuuliza habari za mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, anasema amepumzika kidogo.

Basi wiki iliyopita nikaona mnadani mkoba mwekundu kama ule, picha moja tu, ya mbele, muuzaji anajiita Mama Mpole, ameandika, "Mpya kutoka dukani. Ni zawadi ya mtu ninayempenda, nauza kwa moyo mzito." Nikacheka, nikasema huyu anajua biashara, nikapambana na watu watatu nikawashinda, ingawa safari hii bei ilipanda kuliko nilivyopanga. Mzigo ukaletwa na watu wa mnada, ambao hawamtajii muuzaji jina la mnunuzi, nikafungua, nikachungulia ndani. Uzi wa kijani! Mkono wangu mwenyewe!

Nimelia, mshauri. Jumapili ukoo mzima tunakutana kwa mama mkwe, na nataka niingie na mkoba huo begani, niuweke mezani mbele ya wote nimuulize, "Wifi, wako uko wapi?" Mume wangu anasema, "Ukiubeba huo, mimi na wewe hatuongozani." Je, nimekosea wapi?

Fundi Mwenye Uchungu

*

Fundi wangu, pole. Sasa futa machozi nikucheke kidogo, maana nimejizuia tangu uliponunua mkoba.

Mwindaji hodari wewe, umetega mtego ukanasa mwenyewe! Umepigana na watu watatu ili ununue zawadi uliyoitoa, tena kwa bei kubwa kuliko ya kwanza. Mwambie mumeo akuvue uwaziri. Halafu unamlaumu wifi kwa kuuza zawadi, wakati wewe ulimpa mkoba wa mnadani ukauita wa dukani. Nyani haoni kundule. Maskini ya Mungu, ametangaza kuwa ni mpya kwa sababu alikuamini. Uongo ulioandikwa pale ni wako.

Mzaha basi. Sasa nakugombeza. Rudia kusoma barua yako polepole. Mtu anakuja kwa miguu, anakataa chakula huku mtoto anakula sahani mbili, mume "amepumzika," na wewe unaita maringo? Nyumba ile haina kazi, dada, na wifi yako anaona haya kukuambia. Uzi wa kijani uliuona mara moja ndani ya mkoba wenye giza. Yeye alikaa mbele yako mchana kweupe na hukumwona.

Na yale maneno uliyoyacheka, yasome tena. Hakujua kama wewe ndiye utakayeyasoma, kwa hiyo hakuwa akikupaka mafuta. Ulishawahi kusifiwa hivyo usoni?

Usingoje Jumapili. Nenda kwake kesho, na mkoba uache kabatini. Nunua vyakula, uingie jikoni kwake mpike wote mle wote, usivikabidhi mlangoni kama mgeni anayetoa msaada. Kisha mwambie ukweli mwingine, kwamba kazi imekuzidi na vifungo vimejaa kopo, unataka mtu wa kukushonea, na utamlipa kila wiki. Lipa kweli. Na ile simu ya minada ipumzike kidogo, kama mumewe.

Mkoba usiutaje mpaka autaje mwenyewe. Siku hiyo wahi wewe kuomba radhi kabla yake, umweleze habari ya uzi kuisha na duka ambalo halikuwepo. Mtacheka mpaka mshike mbavu, ndipo umrudishie mkoba wake.

Na Jumapili nenda kwa mama mkwe na mfuko wako wa kila siku, ufike mapema. Wifi akiingia, mvutie kiti.