Mama Mkwe Aliponiuliza Kama Ni wa Kwanza

Jumatano, saa kumi alasiri.

Goma imeamka na manyunyu, na mpaka sasa haijaamua kama itanyesha kweli au itaacha. Mimi niliyekulia Tabora, ambako jua halina aibu, bado sijazoea kuvaa soksi mchana. Nimekaa kwenye godoro, mgongo ukutani, simu mkononi. Mtoto amelala kifuani kwangu, kwa sababu kila nikimlaza kitandani anafumbua jicho moja kuhakikisha kama kweli nimethubutu.

Ana siku ishirini na tatu. Mimi katika nchi hii nina miezi saba. Wote wawili ni wageni, ila yeye halipi viza.

Asubuhi tulikwenda kliniki, na swali nililoulizwa pale ndilo lililonifanya niandike. Lakini nikianza na swali lenyewe halitaeleweka, kwa hiyo narudi nyuma kidogo.

Mume wangu anaitwa Kakule. Ni Mnande wa Butembo, anafanya biashara ya vitenge. Tulikutana Kahama, nilikokuwa naandika risiti kwenye duka la jumla, na alirudi mara tatu kulalamikia mzigo ambao haukuwa na kasoro yoyote. Nilidhani jina lake ni la pekee duniani. Siku ya kwanza nilipofika hapa mtaani Mabanga nilisimama mlangoni nikaita "Kakule", wakageuka wanaume watatu, na wa nne, aliyekuwa akisukuma chukudu, ile baiskeli yao ya mbao ya kubebea mizigo, imejaa viazi, akasimama kabisa na mzigo wake.

Ndipo mume wangu akanieleza huku akicheka. Kwao watoto hupewa majina kwa zamu ya kuzaliwa. Mvulana wa kwanza wa mama ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule. Wasichana wana mstari wao: wa kwanza Masika, wa pili Kavira, na kuendelea. Jina la ubatizo linakuja juu ya hilo. Nikamwambia kwetu kambale ni samaki mwenye sharubu, masika ni mvua, na huo utaratibu wao ni namba za foleni. Tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Halafu nikasahau.

Mimba ilipofika miezi mitano, mama mkwe alipiga simu kutoka Butembo. Akanisalimia, akauliza kama nakula, akauliza kama baridi inanisumbua, kisha kwa sauti ile ile akauliza kama hii ndiyo mimba yangu ya kwanza. Haikunipitia kabisa kichwani kwamba alikuwa anatafuta jina. Nilidhani ananipima. Nikasema ndiyo mama, ya kwanza.

Nilidanganya.

Miaka minne kabla sijamjua Kakule nilizaa mtoto wa kike, Tabora. Aliishi siku moja na nusu. Baba yake alikuwa ameshahama mji kabla tumbo halijaonekana. Wanawake wa mtaa walimzika mimi nikiwa bado wodini, na niliporudi nyumbani nilikuta nguo zake zimeshagawiwa. Walifanya kwa huruma, najua. Waliniambia nisilie sana, nijione kama mtu ambaye bado hajazaa. Hata mama yangu alisema hivyo. Nikajitahidi kujiona hivyo. Nilikuwa nimempa jina la bibi yangu, Nyamizi, lakini sikumwambia mtu.

Kakule nilimweleza kabla ya ndoa, kisha nikamwapisha asimwambie mama yake. Niliogopa. Mwanamke mgeni, kabila lake hakuna anayelijua, halafu anakuja na habari za mtoto wa mwanamume mwingine, tena mtoto aliyekufa. Nilijua kitakachosemwa kuhusu tumbo langu, kwamba lina mkosi, kwa sababu Tabora kilishasemwa. Hapa Goma nesi wa kliniki ya mimba peke yake ndiye niliyemwambia ukweli, na kadi yangu ya mimba inasema hii ni ya pili. Kadi hiyo niliificha ndani ya foronya, chini ya nguo.

Binti alizaliwa salama, na sauti ya kuamsha kata nzima. Tuliporudi nyumbani, Kakule alimpigia mama yake na simu ikawa wazi wote tusikie. Mama akapiga vigelegele. Masika amekuja, alisema, Masika wa Kakule amekuja. Kakule alinitazama. Mimi nikaendelea kumfunika mtoto. Akakata simu, akatoka nje, akaanza kuosha pikipiki aliyokuwa ameiosha asubuhi ile ile.

Sikuelewa kwa nini. Nilidhani ni furaha tu.

Siku ya tisa mama mkwe akafika. Njia ya kutoka Butembo siku hizi haina ahadi, na alikuwa amekaa barabarani kwa muda ambao hakutaka kuusimulia. Alipofika Kibati, nje kidogo ya mji, alipiga simu, akasema tuchemshe maji. Nikaandaa vikombe na majani ya chai. Kumbe maji yalikuwa yangu mimi. Alinawa, akamtazama mjukuu wake dakika moja, kisha akanigeukia na kunikanda mgongo na tumbo kwa kitambaa cha maji ya moto mpaka nikawakumbuka watu wote walionikosea tangu darasa la kwanza. Akanifunga kitenge tumboni. Akanipikia uji wa mtama, akasimama mbele yangu mpaka nikamaliza. Ndoo ya maji akanikataza hata kuiangalia.

Mama yangu mzazi hana pasipoti. Anasikiliza habari za vita ya huku redioni kule Tabora na kila jioni ananipigia kuuliza kama bado tuko hai. Nilikuwa nimejiambia kwamba nitazaa peke yangu na nitaweza. Sikujua nilivyokuwa na njaa ya mikono ya mama mpaka mikono ya mwanamke huyu iliponishika. Nilimpenda siku ya pili tu.

Hapo ndipo uongo wangu ulipoanza kuniuma.

Kila mchana alikuwa akimwogesha mtoto kwenye beseni, karibu na mlango penye mwanga, huku akimsemesha. Masika, leta mukono. Masika, usilie, maji haiko baridi. Na kila alipoita, mimi nilimwona yule mwingine. Ule utaratibu wa majina niliousahau ulikuwa umeshanirudia. Nilikuwa nimelala macho wazi nikiuhesabu. Masika alikuwa ameshazaliwa, miaka mingi nyuma, Tabora, akalia, akaondoka. Huyu wa kwenye beseni alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha dada yake, na aliyemkalisha ni mimi. Majirani walimfuta Nyamizi mara moja. Mimi nilikuwa namfuta mara ya pili.

Jumamosi Kakule akasema Jumatatu atakwenda komini, ofisi yao ya serikali, kumwandikisha mtoto. Alisema akinitazama machoni, mama yake akiwa nje na sufuria. Nikamuuliza nifanye nini. Akasema hilo ni langu: nikisema yuko pamoja nami, nikinyamaza yuko pamoja nami. Nilimkasirikia kidogo. Kuna siku mtu anataka aamuliwe.

Jumapili baada ya misa, Kakule alikwenda kununua makaa. Mama mkwe akaweka beseni mahali pake. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri ya kuanzia, yenye heshima na mzunguko, na yote yakanikimbia. Nikasema tu kwamba mama, huyu si wa kwanza. Nikaendelea nikiwa nimekazia macho maji, nikasema yote, baba aliyehama, siku moja na nusu, nguo zilizogawiwa, na simu ile ya mimba ya miezi mitano ambayo nilimjibu uongo.

Hakuacha kuosha. Alimsuuza mtoto, akamfuta, akampaka mafuta mpaka katikati ya vidole, akamfunga, akanipa. Kisha akakaa kwenye kigoda.

"Ule wa kwanza, alilia?" akauliza.

Nikasema alilia.

Nilikuwa nasubiri aseme lile neno nililolikimbia kutoka Tabora. Badala yake akainua mkono wake wa kushoto, bado una mafuta, akaanza kukunja vidole.

"Bwana yako anaitwa Kakule. Ni wa ine. Paluku unamujua. Kasereka unamujua. Sasa Kambale, ulimuonaka wapi?"

Paluku anauza mbao Beni, huwa tunasalimiana kwa simu. Kasereka ndiye aliyekuja Tabora kuleta posa, akala ugali wa mama yangu akaomba tena. Kambale nilikuwa nimejijibu mwenyewe kwamba yuko mbali, labda Kampala, labda aligombana na ndugu zake. Mke mzima wa nyumba, sikuwahi kuuliza shemeji yangu yuko wapi.

"Alikaa wiki mbili," alisema. "Kasereka alipozaliwa, hakuna mutu alisema tumuite Kambale. Kambale alishakuwaka. Kwetu tunahesabia kwa mama. Mwenye tumbo ilibeba, anahesabiwa. Masika ni ule. Huyu njo Kavira."

Nililia. Sikulia vizuri, nililia kwa kamasi, mtoto naye akaamka akaungana nami, na mama mkwe akatuacha wote wawili tumalize. Kwa mara ya kwanza tangu wodi ile nililia na hakuna aliyeniambia nisilie sana.

Nisidanganye tena kwamba yote yaliisha kwa kukumbatiana. Alikuwa amekasirika. Tulipotulia alianza kunisema, na hakusema kuhusu yule mwanamume wala kuhusu tumbo langu. Alisema nimemwacha amwite mtoto jina la dada yake siku zote hizo, mimi niko pale natazama tu, kama vile yeye ni mtu wa kuchezewa. Nikaomba radhi. Akasema sawa, lakini mchana kutwa alinijibu kwa kifupi, na sambaza, wale dagaa wa huku, aliowakaanga jioni alimwekea Kakule wengi, mimi wachache. Niliona ni haki yangu.

Kakule aliporudi na gunia la makaa, mama yake alimpokea mlangoni kwa sentensi moja: kesho aandike Kavira. Hakuuliza kitu. Aliweka gunia chini, akafuta mikono, akatoka nje, nikasikia maji yanamwagikia pikipiki. Safari hii nilielewa. Alikuwa amejua tangu siku ile ya vigelegele kwamba jina si lenyewe, na alikuwa amelibeba kwa sababu nilimwapisha.

Jumatatu asubuhi maji ya moto yalikuwa tayari kama kawaida. Mama mkwe alinikanda kwa nguvu zaidi, nadhani kwa makusudi.

Sasa leo.

Kliniki ilijaa. Tulikaa kwenye benchi, mama mkwe amembeba mtoto, mimi nimebeba karatasi, safari hii pamoja na ile ya kwenye foronya. Zamu yetu ilipofika, nesi, si yule wa mimba bali mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alisoma jina la Kavira akatabasamu na kumsalimia mama mkwe kwa Kinande. Kisha akanigeukia mimi, kalamu ikiwa juu ya karatasi, akauliza kama anavyouliza mtu yeyote wa huku anayelisikia jina hilo.

"Masika mulimuacha ku nyumba?"

Miaka yote hii hakuna aliyewahi kuniuliza yuko wapi. Waliomjua walinyamaza kwa huruma, na wasiomjua wasingeweza kuuliza. Na sasa mtu nisiyemfahamu, katika mji ambao siujui bado hata nusu, ananiuliza habari za binti yangu mkubwa kwa sauti ya kawaida kabisa, mbele ya watu.

Mama mkwe hakunijibia. Alinitazama tu, akasubiri.

Nikasema Masika hayupo tena, aliishi siku moja na nusu. Sauti yangu ilitoka vizuri kuliko nilivyotegemea. Nesi akaweka kalamu chini. Akasema pole, mama. Akakaa kidogo hivyo, foleni nzima ikiwa nyuma yetu, kisha akamchukua Kavira akamweka kwenye mzani. Kilo tatu na nusu. Kavira alimjibu kwa kumkojolea mkono.

Tukiwa njiani kurudi, tunachagua pa kukanyaga kwenye mawe meusi ya volkano yaliyojaa mji huu, mama mkwe akaniuliza kwetu nilimpa jina gani. Nikamwambia Nyamizi. Akalisema mara mbili ili lisimpotee, kisha akaniuliza maana yake, na nikagundua siijui vizuri. Ni jina la bibi tu. Inabidi nimuulize mama.

Kwa hiyo jioni hii, atakapopiga kuuliza kama tuko hai, nitamwambia tuko hai. Nitamwambia mjukuu wake wa pili ana kilo tatu na nusu. Nitalitamka vizuri, wa pili, halafu nitanyamaza, nisikie mama yangu atasema nini.