Tarehe Ishirini na Mbili Agosti

S.L.P. 318 – 00242,
Kitengela.

9 Septemba 2025

Mpendwa Naisula,

Takwenya. Najua umeitikia huko uliko, kwa hiyo naendelea. Natumaini barua hii itakufikia ukiwa mzima, na kwamba baridi ya Cork haijaanza mapema mwaka huu. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kulia ambalo sasa linaamua ni siku gani nitatoka nje na ni siku gani sitatoka. Mama yako Dinah yuko hapa kwangu tangu mwisho wa Agosti. Anakula vizuri, na tayari amehamisha sufuria zote za jikoni mahali anapoona panafaa.

Huku ni kiangazi. Vumbi la malori ya saruji limefunika hata majani ya mchongoma. Mdogo wako Koinet amehamishia ng'ombe upande wa Kimana na anasema malisho yatafika Oktoba. Ng'ombe wawili walizaa njiani. Ndama wote wawili wanaendelea vizuri.

Ujumbe wako wa tarehe 14 Agosti niliusoma kwenye simu ya Koinet. Ninakujibu kwa barua kwa sababu jambo lenyewe halifai kusomwa ukiwa kwenye foleni ya basi. Tafadhali keti.

Ulieleza kwamba unahitaji cheti cha kuzaliwa kabla ya tarehe 31 Oktoba, na kwamba usipokipeleka, ombi lako la kuendelea kuishi na kufanya kazi huko litafungwa. Nilielewa kwamba miaka yako kumi na mmoja ya uuguzi inategemea karatasi hiyo moja. Tarehe 27 Agosti nilikwenda Kajiado, kwenye ofisi ya usajili wa vizazi, pamoja na Koinet na mama yako.

Karani aliyetupokea ni kijana anayeitwa Ouko, mwenye adabu na mwandiko mzuri. Tulimpa cheti chako cha shule na nakala ya kitambulisho, ambavyo vyote vinasema ulizaliwa tarehe 1 Juni 1978. Kisha mama yako akafungua mkoba wake, akatoa kadi ya ubatizo aliyoitunza ndani ya kopo la majani ya chai, na kumpa. Hakumwuliza mtu. Kadi hiyo iliandikwa na padri, nayo inasema 22 Agosti 1978. Ouko aliziweka karatasi sambamba mezani, akasema kwa upole kwamba hawezi kuandika mtoto mmoja aliyezaliwa mara mbili. Alitaka kiapo kutoka kwa mtu anayejua tofauti hiyo ilitoka wapi, pamoja na shahidi asiye wa ukoo.

Koinet alisema padri ndiye aliyekosea. Mama yako alifunga mkoba wake. Mimi sikumsahihisha, jambo ambalo sijivunii.

Sasa nitakueleza. Padri hakukosea. Tarehe 1 Juni niliiandika mimi.

Unakumbuka kwamba nilipokuwa mwalimu mkuu kule Illasit, kila asubuhi kwenye gwaride nilisoma kutoka daftari langu mambo yaliyotokea siku kama hiyo katika miaka ya nyuma: nani alizaliwa, nani alifariki, vita gani vilikwisha. Daftari hilo lilikuwa na kazi nyingine ambayo hukuijua. Wazazi wengi walileta watoto wasio na tarehe. Walijua mvua, walijua ukame, walijua ng'ombe gani alikuwa akikamuliwa, lakini fomu ilitaka siku, mwezi na mwaka. Walimu wengine waliandika 1 Januari kwa darasa zima. Mimi niliona ni uvivu. Niliwachagulia kila mmoja siku yenye jambo. Musau nilimpa 29 Mei, siku ambayo watu walifika kilele cha Everest. Sasa analima vitunguu Kimana na bado anawaambia wanunuzi kwamba amezaliwa siku ya wapanda mlima. Khisa nilimpa 20 Julai, siku binadamu alipokanyaga mwezi. Wewe nilikupa 1 Juni, Siku ya Madaraka, nchi ilipoanza kujitawala.

Kwa watoto wengine nilikuwa nakisia, na wazazi wao walijua kwamba nakisia. Kwako sikukisia. Katika ukoo wetu wote wa wakati ule, wewe ndiwe mtoto pekee ambaye ningeweza kutaja siku yake hata nikiamshwa usingizini.

Ilikuwa Jumanne. Shule zilikuwa zimefungwa, nami nilikuwa nyumbani. Mtoto wangu wa kwanza, mvulana wa miaka minne, alikuwa na homa ya mapafu tangu wiki iliyotangulia, na alfajiri ya siku hiyo alifariki. Saa tatu asubuhi, katika boma lile lile, nyumba ya pili kutoka yangu, ukazaliwa wewe. Wanawake walitoka nyumba moja wakaingia nyingine, wala hawakujua wabebe uso gani. Mchana redio ikatangaza kwamba Rais wa kwanza amefariki Mombasa, na nchi nzima ikaanza kulia. Mtu aliyepita njiani angedhani boma letu linalia pamoja na nchi.

Hukuambiwa kwamba mimi na marehemu mama yako mkubwa tulikuwa na mtoto kabla ya hao unaowajua. Hata wao hawakuambiwa. Kwetu jina la mtoto aliyekufa halitajwi, na ingawa sisi ni watu wa kanisa, katika hilo tulibaki kama wazee wetu walivyokuwa.

Marehemu baba yako alipokuleta shuleni mwaka 1985, aliketi mbele ya meza yangu na kusema tu, "Andika unavyoona." Alijua, nami nilijua kwamba anajua. Nilishika kalamu, nikafika penye nafasi ya tarehe, na sikutaka kuiandika. Hakuna sababu nyingine. Nilikuwa nimewaadhibu watoto kwa kuandika wasiyoyaona, kisha nikaandika tarehe 1 Juni kwa mwandiko safi, nikakausha wino.

Nilikwenda kwa wakili hapa mjini, Bi. Yvonne, ambaye ofisi yake iko juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Ni mwepesi wa kazi. Alinisikiliza nusu, akaanza kuandika, kisha akaniuliza, "Mwalimu, si tuseme tu ulikosea? Ni mstari mmoja, na hakuna mtu atakuuliza."

"Sikukosea," nilimwambia. "Nilijua tarehe, nikaandika nyingine."

Aliweka kalamu chini. Alinieleza kwamba, ikiwa ni hivyo, kiapo lazima kitoe sababu, na sababu ikiwa ni kifo cha mtu, lazima mtu huyo atajwe kwa jina. Bila jina, alisema, karani atakirudisha. Nilimwomba siku tatu.

Nilikuwa na njia ya kukwepa, nawe una haki ya kujua kwamba niliifikiria. Ningekubali mstari wa Bi. Yvonne, cheti chako kingetoka, na kiapo cha uongo kingekuwa changu peke yangu. Nilikuwa karibu kumpigia simu siku ya pili, wakati mama yako alipokuja kuketi nami barazani akichambua maharagwe. Hakuniangalia.

"Mwalimu," alisema, "siku hiyo mimi nilikuwa na furaha. Nilijifungua mtoto mzima, wa kwanza, na nikaficha furaha yangu kwa ajili ya msiba wa nyumba yako. Nimeificha miaka arobaini na saba. Kila Juni wanampigia mtoto wangu simu, mimi naenda kuangalia mbuzi. Nimechoka kuificha."

Naisula, sikuwahi kuwaza kwamba tarehe niliyoikwepa kwa ajili yangu niliichukua kutoka kwake. Nilimwomba radhi kwa Kimaasai. Alisema nisogeze miguu, nimekanyaga maharagwe.

Shahidi niliyemchagua ni Mzee Jimale. Huenda unamkumbuka kwa duka lake kule Illasit, lenye mlango wa kijani. Alitoka Wajir kununua ng'ombe na akakaa miaka thelathini. Sasa anaishi hapa na binti yake Ruqia, anayeuza vitambaa karibu na soko. Siku ile ya Agosti yeye ndiye aliyekuja nyumbani kwangu na kipande cha kitambaa cheupe, akakiweka mlangoni, akarudi kufunga duka. Watu walidhani amefunga kwa ajili ya Rais, naye hakuwasahihisha.

Nilipomweleza shida yangu, hakunionea huruma, na kwa hilo namshukuru. "Wewe Mwalimu," alisema, "si ulikuwa unachapa watoto juu ya uongo? Watoto wa watu walikuwa wanatembea na kuni mbili kwa suruali ndio wasisikie fimbo. Sasa wewe nani atakuchapa?" Ruqia alimkataza. Mzee akamwambia anyamaze, kwamba hawa ni wazee wanaongea. Kisha akauliza kiapo ni saa ngapi, na kama kuna ngazi.

Ngazi zipo, ishirini na mbili. Tulizipanda tarehe 3 Septemba, mimi na goti langu, yeye na fimbo yake, Koinet nyuma yetu kama mtu anayechunga. Koinet hakuwa amejua lolote; nilimweleza asubuhi hiyo njiani, kwa maneno machache kuliko ninayokuandikia wewe.

Kiapo hakiwezi kuapishwa na wakili aliyekiandika, kwa hiyo Bi. Yvonne alituingiza chumba cha pili kwa Bw. Ngui, wakili mzee anayefanya kazi ya kamishna wa viapo. Nilidhani nitatia saini na kuondoka. Bw. Ngui alikataa. Alisema mtu anayeapa mbele yake husoma kiapo chake kwa sauti, ili asije akasema kesho kwamba hakujua kilichoandikwa. Nilimheshimu kwa hilo. Ningefanya vivyo hivyo.

Nilisoma aya ya kwanza, inayosema mimi ni nani. Nilisoma ya pili, inayosema wewe ni nani. Katika aya ya tatu nilifika kwenye jina. Nililisoma jinsi lilivyo, jina lake na jina langu baada yake, nikaendelea hadi mwisho bila kusimama. Bw. Ngui aligonga muhuri.

Kisha Mzee Jimale, ambaye alikuwa amekaa karibu na dirisha akingoja zamu yake, alilirudia jina hilo. Alilisema polepole, kama mtu anayemwita mtoto aliye mbali kidogo.

"Huyo alikuwa anakuja dukani kwangu," alisema. "Kila Ijumaa, juu alikuwa anajua Ijumaa natoa tende. Nampa moja, anaweka mkono nyuma, ananyoosha ule mwingine. Ati huu bado haujapata."

Nilimwambia sikuwahi kulijua jambo hilo.

"Ungejuaje?" alisema. "Hukutaka mtu aseme jina yake. Mimi nimekaa na hiyo maneno miaka yote, sina mtu wa kuambia."

Naisula, kwa miaka arobaini na saba nilidhani nina kila kitu cha mtoto yule, na kwamba hakitaongezeka. Siku hiyo, katika ofisi ya mtu nisiyemfahamu, kiliongezeka.

Tarehe 5 Koinet alipeleka kiapo changu na cha Mzee Jimale Kajiado. Ouko alivisoma mara mbili, akavipokea, na ameahidi cheti ndani ya wiki mbili. Kitasema 22 Agosti 1978. Pasipoti yako inasema 1 Juni, kwa hiyo utapeleka cheti pamoja na kiapo, na Bi. Yvonne amekiandika kwa namna inayoonyesha kwamba watu hawa wawili ni wewe mmoja. Amesema jambo hili limewahi kukubaliwa kwa wengine. Sitakuahidi zaidi ya alivyosema. Wakikuuliza ni nani aliyesababisha usumbufu huu, wape jina langu, nimeliandika wazi.

Nakala ya pili ya kiapo, yenye saini na muhuri, nimeiambatisha humu. Ukifika aya ya tatu utaliona jina la kaka yako. Lisome kwa sauti, mara moja, ukiwa peke yako. Mama yako ameniuliza kama amekatazwa kulitaja, nami nimemwambia hapana.

Amenituma pia nikuulize swali ambalo hapo awali hakuwahi kuliuliza: tarehe 22 Agosti iliyopita ulikuwa wapi, na ulikula nini. Umjibu yeye, si mimi. Anataka kuanza kuhesabu.

Koinet anakusalimu, vile vile Mzee Jimale na Ruqia, ambaye anasema kitambaa ulichomwagiza kimefika. Wasalimie wauguzi wenzako, hasa yule wa Kisumu anayekupeleka kanisani. Enkai akutunze mchana kazini na akupe usingizi mzuri, na milango ya huko isifungwe mbele yako.

Ni mimi, baba yako mkubwa akupendaye,

Mwl. Lesiamon