Kompyuta ya Wanja na Mbio za Shemeji Yako

Makongeni,
Thika.
20 Septemba 1998

Mpendwa kaka Farouk,

Assalamu alaikum. Natumai joto la Sharjah limepungua na ule mgongo haukusumbui tena ukiinama mbele ya tanuri la mikate. Sisi huku ni wazima, alhamdulillahi. Mama anakula vizuri na analalamika vizuri, kwa hivyo ujue afya anayo. Mpwa wako Farhiya ameota meno ya mbele na anamchekea kila mtu ili yaonekane.

Uliuliza kwenye simu kwa nini Swaleh hakucheza fainali, nikakujibu kwamba hiyo ni habari ya kuandikwa. Laini ilikuwa inakatikakatika, na Swaleh mwenyewe alikuwa amesimama karibu yangu. Leo ametoka, kwa hivyo kaa vizuri.

Unajua shemeji yako ameichezea timu ya mtaa tangu kabla hajanioa: winga wa kushoto, jezi nambari kumi na moja. Mwaka huu kocha wao Ephantus, jirani yetu wa ukuta mmoja, alianza kusema kwamba Swaleh hakimbii tena. Maneno yakamfikia. Watu waliokuwa wakinywa chai pamoja kila Jumapili wakawa wanapitana mlangoni kama wageni wa hoteli. Mimi na Waithira, mke wa Ephantus, tukawa tunasalimiana kwa kunong'ona huku tukianika nguo, kama watu wanaopanga wizi.

Aliyejaribu kuleta amani ni binti yao Wanja, yule anayesomea kompyuta chuoni huko Juja. Kazi yake ya mwisho ilikuwa kuifundisha kompyuta kumfuata mchezaji ndani ya kanda ya video. Alinieleza hivi: unaionyesha mchezaji mmoja mwanzoni, inashika rangi na umbo lake, halafu kwenye kila picha inayofuata inatafuta kitu kinachofanana naye, karibu na pale ilipomwacha. Mwishowe inachora mstari wa kila mahali alipopita.

Swaleh aliposikia alisema, "Iletwe. Mashine haina chuki na mtu." Ephantus naye alikubali haraka sana. Kila mmoja aliamini mashine ni ya upande wake.

Basi Julai tukaenda Ruiru kwa mechi ya kirafiki. Wanja alipanda juu ya nyumba ya ghorofa iliyo kando ya uwanja, na kamera aliyoazimwa na mpiga video wa harusi. Baridi siku hiyo ilikuwa ya kukausha midomo, na mimi nilikuwa nimechukua jezi kuukuu ya Swaleh nikaivaa juu ya gauni. Nyekundu, nambari kumi na moja mgongoni.

Wewe unanijua kwenye mpira. Nilianza nimeketi na akina mama wengine. Baadaye sikumbuki nilisimama saa ngapi. Nakumbuka tu nilikuwa namwambia Swaleh akimbie maana kamera inamwona, na refa alikuja kuniomba nirudi nyuma ya mstari.

Ile kompyuta ilichambua kanda polepole hata Agosti ikatuishia. Ndipo Wanja akaileta kwao nyumbani kwa gari la mwalimu wake, timu nzima ikajazana sebuleni. Skrini ilionyesha uwanja, na juu yake mistari. Mstari wa Erastus, kijana ambaye Ephantus alitaka kumpa nafasi ya Swaleh, ulikuwa mrefu. Wa Swaleh uliushinda mbali. Ulipanda na kushuka upande wa kushoto hata usiweze kuona nyasi.

Swaleh alisimama, akazunguka akiwapa watu mkono mmoja mmoja, kama bwana harusi. Ephantus alipofikiwa aliupokea mkono na kusema, "Basi nilikukosea, Baba Farhiya." Nilijivuna, kaka. Nilijivuna kabisa.

Wanja peke yake hakuwa na furaha. Alikuwa amesogeza uso kwenye skrini. "Lakini uncle," akasema, "hapa umetoka nje ya uwanja."

"Nilikuwa nafuata mpira," Swaleh akajibu.

"Na hapa umekaa kwenye benchi ya akina mama."

Swaleh alikohoa. Wanja akaiwasha kanda yenyewe, ambapo kompyuta huweka kisanduku cheupe juu ya mtu inayemfuata. Mwanzoni kisanduku kilikaa juu ya Swaleh kwa adabu. Halafu mpira ukatoka, Swaleh akaja pembeni kuurusha, na mimi nilikuwa pale pale nyuma yake nikimpa ushauri. Alipoondoka yeye, kisanduku kilibaki na mimi.

Mechi yote iliyobaki, Farouk, kompyuta ilimfuata dada yako. Nikaonekana nikikimbia na mstari, mtandio ukipepea, mdomo wazi, mkono mmoja ukielekeza goli. Sebule iliangua kicheko mpaka Waithira akaweka birika chini. Nilijifunika uso kwa kiganja, lakini niliacha nafasi ya kuona.

Na kupitia nafasi hiyo nikamwona Swaleh. Alikuwa nyuma kabisa kwenye picha, mahali ambapo hakuna aliyekuwa akimtazama, ameinama ameshika goti. Mpira ukija anajikaza. Ukienda anashika tena. Kicheko changu kilikufa. Ephantus naye aliona, akamwashiria Wanja azime.

"Goti lilianza lini?" akauliza.

"Tangu Ramadhani."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia ungenitoa."

"Ningekutoa, ndiyo," Ephantus akasema. "Halafu ningekupeleka hospitali."

Alimpeleka kesho yake. Daktari amesema goti litapona ila si kwa mpira. Kwa siku kadhaa Swaleh alikuwa mpole kupita kiasi, nami nikamwacha apite hapo mwenyewe. Kisha Jumapili akachukua kikombe chake akaenda kwa Ephantus bila kuitwa, akarudi akiwa msaidizi wa kocha. Fainali tulishinda kwa bao la Erastus. Swaleh anasema ni yeye aliyemfundisha kukata ndani vile, na anawaambia hata wasiouliza.

Wanja amefaulu. Walimu wake walipenda zaidi ile sehemu aliyoeleza kwa nini mashine ilipotea. Kwa hivyo sasa mimi nimo katika maktaba ya chuo, kwenye picha ndani ya ripoti yake, hewani, miguu yote miwili haijagusa chini, na chini ya picha pameandikwa "Mchezaji nambari 11". Nilidhani Swaleh angeona aibu. Badala yake ameomba nakala aitundike sebuleni. Anasema ndiyo mechi nzuri kuliko zote alizowahi kucheza.

Mama anakusalimu na anauliza kama unavaa sweta. Nimemweleza kuhusu Sharjah, hajaelewa. Ephantus, Waithira na Wanja wanakusalimu. Farhiya amekutumia busu, sehemu kubwa imebaki kwenye karatasi hii. Mungu akulinde kazini na njiani, akurudishe kwetu ukiwa na afya na hamu ya kula.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Hayat