Baba Tunapita, Msumari Umeingia

Ni mwaka mmoja sasa tangu uweke nyundo chini, Baba, na katika nyumba yako hakuna aliyekaa akatulia. Sisi mapacha wako tunakuambia ukweli kwa sababu hukuwa na subira na watu wa kuzungukazunguka. Picha yako, ile ya koti la kijivu uliyopiga umenuna kama mtu aliyekalia msumari, imehamia mahali kumi na moja. Ilikaa juu ya friji, ikateleza. Ilikaa kwenye kiti chako mezani, Mama akakosa hamu ya kula. Ikalala kitandani upande wako, na hapo hatusemi kitu. Mjukuu wako alipokuja likizo aliuliza, "Leo Babu anaishi wapi?" Tulicheka.

Mji mzima ulikujua kwa fimbo za pazia, mashelfu na vioo. Ulikuwa ukiingia nyumbani kwa mtu unavua viatu mlangoni, unaweka pimamaji ukutani kuhakikisha hakuna kilichoinama, unachora msalaba mdogo wa penseli na tarehe pembeni, halafu unaaga. Mwenye nyumba anabaki ameduwaa: "Fundi, mbona hujapigilia?"

"Alama ilale kwanza," unamjibu. "Kesho ukiamka bado unaipenda, nitapiga. Ukuta hausamehe."

Walikutania, Fundi wa Siku Mbili, lakini hakuna aliyewahi kukuita urudie kazi. Na mgeni yeyote aliyefika mjini hana mtu, ulikwenda kumfungia pazia bila kuitwa. Ulisema mtu akiwa na pazia, analala.

Lakini kwako sasa! Mganga hajigangi. Kuta zetu nyeupe pe, hata tundu la sindano hamna. Kioo cha Mama kiliegemea miguu ya kiti, ikabidi apige magoti ndipo avae hereni. Makoti yetu yalining'inia migongoni mwa viti. Tulikuomba shelfu moja tu ya vitabu vya shule, na jibu likawa lile lile: "Hapa tunapita tu." Hata nyumba hii ilipokuwa yetu, hati ina jina lako, bado tulikuwa tunapita. Ulikula umesimama, kijiko mkono huu, funguo mkono ule. Mkutano wa wazazi shuleni hukukosa hata mmoja, vumbi la mbao limekujaa nywele, ila ulisimama mlangoni hadi mwisho na viti vipo. Majirani wakakubandika jina, Baba Tunapita, nawe ukaitika.

Mama alitueleza sababu mara moja tu. Mwaka mlioingia nchi hii, na begi moja na mimba ya miezi saba, ulipigilia msumari kwenye chumba mlichopanga ili koti lake lililolowa lipate kukauka. Mwenye nyumba akaona tundu. "Unatoboa ukuta wangu kama nyumba ya baba yako?" akakuuliza, akawatoa siku hiyo hiyo. Mlikaa siku nne kituo cha mabasi. Aliyekuwa tumboni ni Dada Mkubwa, binti yako wa kwanza, na labda ndiyo maana mpaka leo hajui kukaa mahali pamoja. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, Baba. Hatukulaumu kwa hilo.

Miezi mitatu baada ya kukuzika, Mama akatangaza. "Mwaka ukitimia, narudi kwetu. Mwenye safari ameshuka, mimi nabaki nafanya nini?"

"Kwetu wapi, Mama?" Dada Mkubwa akaruka juu. "Shangazi yako amekufa, nyumba ya kwenu imeuzwa. Utafikia kwa nani?"

"Kwa Mungu."

"Haya, basi angalau tutundike picha."

"Thubutu! Mwenyewe ameukataa ukuta huu miaka yote, leo nimpigilie kwa kuwa hana mdomo?"

Ndiyo vita iliyotumaliza mwaka huu. Dada Mkubwa anakuja Jumamosi, anahamisha picha. Jumapili Mama anaihamisha tena. Nguo za Mama zikaanza kukunjwa, moja moja, zikaingia begini. Dada Mkubwa aliogopa, Baba, tena sana. Ameshakupoteza wewe, na sasa anamtazama Mama akiondoka kwa miguu yake mwenyewe kwenda mahali ambapo hakuna wa kumpokea. Akizungumza ni ugomvi, akinyamaza ni machozi.

Jumamosi iliyopita Mama alimgawia muuguzi wa ghorofa ya chini lile kabati kubwa la sebuleni. "Siwezi kulibeba begani," alisema. Muuguzi akashika upande mmoja, Dada Mkubwa akashika mwingine, amevimba kama andazi. Wakahesabu moja, mbili, tatu, kabati likasogea. Na pale ukutani, mahali ambapo hatujapaona kwa miaka kumi na minne, palikuwa na msalaba mdogo wa penseli. Pembeni kuna tarehe, ile saba yako yenye mkia.

Dada Mkubwa aliisoma, akakaa sakafuni puu. Tarehe ile tunaijua wote. Ndiyo siku tuliyopewa karatasi za kuishi nchi hii moja kwa moja, siku uliyopanda ngazi zote ukiimba, wewe ambaye hujui kuimba.

Kumbe ulirudi nyumbani ukapima. Ukachora, ukaiacha alama ilale. Kesho yake moyo ukakusaliti, ukalisukuma kabati mbele yake na kutuambia hapa tunapita. Baba, kwa nini hukusema? Tumekasirika kidogo, tusikufiche. Tungekushikia ngazi.

Mama aliipapasa alama kwa kidole. "Mzee huyu jamani! Miaka kumi na minne! Alama imelala fofofo, hakuna wa kuiamsha!" Akalia, akacheka, akajipangusa kwa kiganja. Kisha akamnyooshea mkono Dada Mkubwa. "Nyundo."

"Nikupigilie, Mama?"

"Nimekaa na fundi miaka thelathini na tatu. Lete nyundo."

Msumari wa kwanza ulipinda. Wa pili alijigonga kidole, akatamka neno ambalo hatukujua analijua. Wa tatu ukaingia. Muuguzi, bado kakumbatia kabati, akauliza kwa upole, "Mama, sasa nalirudisha hili?"

"Kabati chukua," Mama akasema. "Asiyekwenda ni mimi."

Dada Mkubwa alimshika kiuno Mama, akalia kwa sauti kama mtoto. Hatukumkataza. Jioni ile tulikula tumekaa, wote, na begi lilirudi juu ya kabati la chumbani likiwa tupu.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye siku hizi anavaa hereni amesimama. Na binti yako wa kwanza, aliyerithi begi lako la kazi na hasira zako. Na sisi mapacha tuliopata shelfu baada ya kumaliza shule. Na mjukuu wako, anayejua sasa Babu anaishi wapi. Na muuguzi wa chini. Na kila aliyelala vizuri mji huu kwa sababu ya pazia ulilofunga. Mungu akulaze mahali pema, na huko usisimame mlangoni, ingia ukae.

Daima tutakukumbuka, Baba. Picha imeinama kidogo upande wa kushoto, na Mama amekataza mtu kuigusa. Anasema ukitaka inyooke, uje mwenyewe na pimamaji lako.